Lita 11 kwa siku

Watu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tumekaa miezi sita kwenye boti ya tanga, swali la kwanza huwa la choo. Wanalizungukazunguka kidogo, wanaulizia papa, wanaulizia mawimbi, halafu linatoka. Basi nijibu mapema tuendelee kwa amani. Choo kipo. Ni kidogo kama kiti cha mtoto, pembeni kina pampu ya mkono, unapiga mara kumi na mbili kuingiza maji ya bahari na mara kumi na mbili kuyatoa, kisha unafunga vali. Ukisahau vali, bahari inaingia taratibu usiku kucha kupitia hapohapo chooni. Nilisahau mara moja. Viatu ndivyo vilivyotuamsha, vilikuwa vinaelea na kugonga ukuta.

Swali la pili huwa la pesa. La tatu ndilo ninalolipenda, ingawa wengi huuliza na kugeukia simu kabla sijajibu: mlikuwa mnakunywa maji gani?

Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Kondoa. Utotoni, maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa ya lambo la ng'ombe. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mbili, kupitia dirisha la basi, nikadhani ni mawingu yameshuka. Mume wangu ni wa Tanga, kwa upande wa mama ni Mpemba, kazi yake ufundi wa injini za boti. Boti tuliyoishi ndani yake ni malipo ya deni. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mgeni, akaugua, akarudi kwao, ikabaki imeegemea mikoko miaka minne mpaka watoto wake walipoandika kwamba fundi anayedai aichukue. Futi 34, faiba, mlingoti mmoja, injini ya dizeli iliyokula chumvi. Kwa miaka mitatu Jumapili zetu zote ziliishia kwenye msasa.

Novemba 2023 nikaomba likizo bila malipo, tukarudisha funguo za nyumba ya kupanga, na makochi yakaenda kwa wifi yangu, ambaye alituambia wazi kwamba anatuona wendawazimu lakini kochi kubwa atalitumia. Ratiba hatukuipanga sisi. Ukitaka kushuka kusini unangoja kaskazi iamke Desemba. Ukitaka kupanda kurudi unangoja kusi, Aprili kuelekea Mei. Katikati yake kuna maleleji, upepo usio na neno moja, na huo ndio tuliotaka kuvukia kwenda Pemba kabla kaskazi haijakaza. Majahazi ya Maskati yalifuata ratiba hiyohiyo kwa karne na karne.

Siku ya kwanza nilifungua daftari kama ninavyofungua vitabu vya mteja mpya. Nilichora safu nne: maji, umeme, gesi, mayai. Safu ya mayai niliifuta baada ya wiki mbili kwa sababu ilikuwa inazua maneno, nikabaki na tatu. Ya maji ndiyo iliyojaa.

Hesabu ilikuwa hivi. Nyumbani Tanga bili yetu ilikuwa uniti 6 kwa mwezi, yaani lita 6,000, lita 200 kwa siku kwa watu wawili tusio na bustani wala gari. Sikuwahi kuigawa kwa siku mpaka nilipokaa mbele ya matangi mawili ya boti yenye jumla ya lita 240. Kwa maisha yetu ya nchi kavu, matangi yale yangetutosha siku moja na chai ya asubuhi ya pili.

Wiki ya kwanza, tukiwa bado tumetia nanga palepale Tanga tukijizoeza, tulitumia lita 26 kwa siku. Tulipofika Pemba zilikuwa 15. Kufikia Krismasi zilikuwa 11, na hapo zikakaa. Vyombo unaviosha kwa maji ya bahari kwenye ndoo, unavisuuza kwa kikombe kimoja cha maji ya tangi, na kikombe hichohicho kinasuuza vyote kuanzia glasi mpaka sufuria, kwa mpangilio huo. Wali unapikwa kwa theluthi moja maji ya bahari, chumvi huweki. Kuoga, unajitupa majini, unapanda ngazi, unajipaka sabuni ya maji ya vyombo kwa sababu sabuni ya kipande haitoi povu kwenye chumvi, unajitupa tena. Mwisho unajisuuza kwa lile bomba la kupulizia dawa mboga. Tulilinunua jipya, msiwe na wasiwasi. Lita moja na nusu inamtosha mtu na nywele zake, ukishika mpini vizuri.

Kitu kibaya kuliko vyote tulichowahi kutendeana kwenye boti ile kilitokea Desemba, mume wangu alipotoka kupiga mbizi kukwangua vijikome vilivyoota chini ya chombo, akasuuza miwani yake ya kuzamia kwa maji ya tangi. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilisikia pampu ikilia na nikahesabu. Lita mbili. Kwa miwani. Siku mbili hatukusemeshana, na kukaa kimya siku mbili na mtu ndani ya mita kumi ni kazi, maana kila anayekwenda jikoni lazima ampishe mwenzake kwa kumkumbatia.

Kuvuka kwenda Pemba kulitufundisha adabu. Mlango wa Pemba si kama maji ya ndani ya Tanga. Ni kilindi cha mamia ya mita, na ndani yake umepita mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima, kusi ivume au kaskazi. Tuling'oa nanga saa tisa usiku ili tutoke na umande, ule upepo mwembamba unaotoka bara alfajiri, tukalenga kisiwa cha Misali. Jua lilipopanda umande ukafa, ukaja upepo wa kigeugeu, mimi nikalewa bahari mpaka nikawa namwomba Mungu anichukue au anipe ndimu. Mume wangu akishika usukani kuelekea Misali, na simu ikionyesha tunaelekea Misali, lakini kisiwa kilikuwa kinateleza kwenda kulia kama mtu anayekukwepa sokoni. Alasiri tukajikuta mbele ya kisiwa cha Fundo, maili kumi na tano hivi kaskazini mwa tulikotaka.

Mjomba wake alitupokea Wete. Ni nahodha mstaafu, alibeba boriti na karafuu maisha yake yote. Mume wangu alipomweleza, mzee akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Mkondo ule, mwanangu, haukuanza jana. Ungelenga Mkoani ungefika Misali."

Alikuwa amekubali kusafiri nasi mpaka Mafia. Alipanda na kikapu kimoja, msala, tochi, na redio isiyo na mfuniko wa betri. Akakagua kila kitu kwa kugonga kwa kifundo cha kidole, akashuka chini nilikokuwa napika, akaniuliza, "Maji baridi yapo?"

"Hatuna friji, mjomba."

Akanitazama. Mume wangu akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Kumbe pwani maji baridi ni maji yasiyo ya chumvi, hata yakiwa yanachemka jikoni. Nimesoma Kiswahili mpaka kidato cha sita, nimekisahihisha kwenye ripoti za watu, na miezi ile ilikuwa kama nakianza upya. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Kamba ya kuvutia tanga ni demani, ya kulipandisha ni henza. Yale maji machafu yanayojikusanya chini kabisa ya chombo yana jina lake, ngama, na mjomba aliyaulizia kila asubuhi kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: ngama ikoje leo?

Mvua zilitubeba. Vuli ile ilikuwa ya El Niño, nchi nzima inaikumbuka kwa mabaya, lakini sisi tulitandika turubai juu ya sitaha, mrija ukashuka tangini, na usiku mmoja mbele ya Misali tuliingiza lita 140. Niliandika kwa wino mwekundu. Misali yenyewe, wazee wa Pemba wanasema, ilikuwa msala wa Nabii Khadhara: alikosa pa kuswalia, akakitandika kisiwa, maana kimeelekea kibla. Mjomba alishuka kuswali pale kila tulipopata nafasi. Sisi tulibaki kutazama kasa akitoa kichwa, anavuta pumzi kwa sauti ya mzee aliyechoka, anazama.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nianze kuandika makala hii.

Nilikuwa na programu ya maji kujaa na kupwa kwenye simu. Asubuhi moja haikufunguka, hakukuwa na mtandao, nikamuuliza mjomba maji yatajaa saa ngapi. Hakutazama bahari. Aliuliza mwezi wa ngapi leo, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame, akakunja vidole viwili vitatu, akasema, "Saa saba kasoro." Programu ilipofunguka jioni ilikuwa imeandika saa saba kasoro dakika ishirini.

Nilidhani ni uzoefu wa macho, ile hali ambayo watu wa bara tukiiona kwa wazee wa pwani tunaiita karama. Nikamng'ang'ania anieleze. Akaniambia kama anavyomwambia mtoto wa chuoni: mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji hujaa saa kumi. Saa kumi alfajiri, saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, ongeza saa moja kasorobo na kidogo. Basi.

Nikachukua daftari. Saa 24 ukizigawa kwa siku 30 za mwezi unapata dakika 48. Hiyo ndiyo "kasorobo na kidogo" yake. Dakika 48 mara kumi na tano ni dakika 720, saa kumi na mbili kamili. Kwa hiyo baada ya siku kumi na tano unarudi palepale, saa kumi. Hesabu inafunga. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka kumi na moja na nimeona vitabu vichache vinavyofunga vizuri namna ile.

Na humo ndani mna mambo. Kama bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mosi na mwezi kumi na tano, likija maji hujaa saa kumi, basi hupwa saa nne. Saa nne asubuhi, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana bamvua likiingia utawaona kina mama wameshuka pwani na vijiti vya pweza muda uleule ambao ofisini watu wanakunywa chai. Jua limepanda, mwamba uko wazi, hawakubahatisha. Siku saba baadaye, maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, ila kwa kiasi tu, hayana nguvu ya kuja wala ya kuondoka. Pwani yetu bamvua kubwa hupandisha maji karibu mita nne. Maji mafu hayafiki nusu ya hapo.

Mjomba hakuwa sahihi siku zote, nisije nikamfanya mtume. Kwenye upepo simu ilimshinda. Kule Unguja alisema usiku utakuwa shwari, simu ikasema saa sita kutakuwa na upepo mkali, saa sita na robo nanga ikaanza kuburura na tukawa watu watatu kwenye giza tukivuta mnyororo na kutukanana kwa heshima. Alikubali. Kuanzia hapo kila jioni aliniuliza, "Chombo chako kinasemaje?" na mimi nikamuuliza mwezi wa ngapi.

Unguja naipita upesi, kama tulivyoipita. Mbele ya Mji Mkongwe boti za watalii zinakurusha kitandani tangu saa moja asubuhi. Ofisi moja ilitujazisha fomu za chombo cha kigeni kwa sababu, nadhani, hawakuwa na fomu ya Waswahili kwenye yoti. Hilo lilitufuata kila mahali. Tukitia nanga, haipiti nusu saa ngalawa inasogea, salamu, habari za safari, mwatoka wapi, mwaenda wapi, halafu shingo zinarefuka kutazama ndani: "Wazungu wako wapi?" Mume wangu alikuwa akijibu kwamba wamelala. Pale Nungwi tulikaa siku mbili na wazungu wetu hawakuamka.

Mafia tulifika tarehe 12 Januari, tukatia nanga Kilindoni, upande wa magharibi, kaskazi ikitupita kwa juu. Tulikotaka kwenda ni ghuba ya Chole, ng'ambo ya mashariki, na mlango wake wa baharini ni Kinasi, pengo kwenye mwamba ambamo ghuba nzima huingia na kutoka kwa pumzi moja. Mwezi uliandama jioni hiyohiyo. Nilikuwa na haraka. Nilisema twende kesho.

Mjomba akanipa kalamu. "Piga hesabu mwenyewe."

Nikapiga. Kesho ni bamvua. Asubuhi maji yanatoka mpaka saa nne, yaani Kinasi itakuwa inatapika baharini huku upepo unasukuma mawimbi ndani, vitu viwili ambavyo vikikutana hutaki kuwa katikati yake. Tukingoja yajae, itakuwa alasiri. Lakini unaingia ukielekea magharibi, na alasiri jua liko magharibi, machoni. Maji yanakuwa bati linalong'aa, huoni mwamba uko wapi. Jua linatakiwa liwe mgongoni na juu, asubuhi, na maji yawe yanaingia polepole, asubuhi hiyohiyo. Vitu hivyo viwili vinakutana kwenye maji mafu. Robo ya mwezi ilikuwa tarehe 18.

"Tunangoja wiki?" nikauliza.

"Tunangoja wiki."

Kilindoni si mahali pabaya pa kungojea. Januari ni msimu wa potwe, yule papa nyangumi, na asubuhi ya tatu mmoja alipita chini ya boti yetu, mgongo wenye madoa meupe kama shuka la kanga, mkubwa kuliko basi dogo. Nilikuwa nasuuza vikombe. Sina la kuongeza, nilisimama tu na kikombe.

Tarehe 18 jioni tulikuwa tumeshapanda mpaka karibu na Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini. Saa saba usiku tukazunguka rasi na kushuka upande wa bahari kuu, upepo nyuma ya bega la kushoto, kisiwa kulia ni giza lenye mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika. Saa mbili na nusu asubuhi tukaiona Kinasi. Tukatua tanga kubwa, injini ikawashwa. Mume wangu kwenye usukani. Mjomba akaenda omo, akasimama akishika waya wa mbele, shati limejaa upepo. Kazi yangu ilikuwa kusoma kipima kina kwa sauti.

Nilisoma. Thelathini na moja. Ishirini na sita. Kulia na kushoto mawimbi yalikuwa yanainuka kijani, yanakuwa meupe, yanaanguka. Katikati kulikuwa na barabara ya buluu, tulivu kama mtu ameipigia pasi. Ishirini. Kumi na saba. Maji yalikuwa bado yanaingia, kidogo tu, unahisi chombo kinasukumwa kwa kiganja. Kisha tukawa ndani na rangi zikaanza. Mjomba hakusema neno. Alitumia mkono: kushoto, kushoto kidogo, nyoosha. Buluu ni kilindi, kijani ni mchanga chini, hudhurungi ni mwamba, na kuna njano moja hivi ambayo alikuwa ameniambia nikiiona nisiulize. Kumi na mbili. Tisa. Sita. Tano na nusu. Sauti yangu ilipanda bila ruhusa yangu. Mkuku wetu, uti wa chini wa chombo, unazama mita 1.6, nilikuwa naijua namba hiyo kama tarehe yangu ya kuzaliwa. Nne na nusu. Mkono wa mjomba ukalala kulia. Nikaliona jiwe lenyewe likipita upande wa kushoto, kubwa kama chumba, samaki wadogo wa buluu wakiwa juu yake kama inzi. Sita. Tisa. Kumi na nne.

Mnyororo ulipomaliza kulia, mjomba alirudi nyuma taratibu akishikilia kamba, akakaa. "Chai," akasema.

Chole nawaachia wengine waisimulie, ile miti na popo wake wakubwa wanaoning'inia mchana kama miavuli iliyofungwa. Sisi mshono wa tanga la mbele ulikuwa umeachia, na kila tuliyemuuliza alitaja kisiwa kimoja: Jibondo. Ukitaka kuundiwa chombo au kushonewa tanga, nenda Jibondo. Tuliiacha boti kwenye nanga tukapanda mashua ya abiria wakati maji yamejaa, tanga limekunjwa kama godoro, na mimi nikiwa na zawadi: kilo mbili za sukari na dumu la bluu la lita 20, limejaa. Mjomba ndiye aliyenishauri dumu. "Sukari ni heshima," alisema, "dumu ni mapenzi."

Jibondo ni mwamba. Unatembea juu ya matumbawe ya kale yaliyochongoka, na kisima cha maji ya kunywa cha kutegemea hakikuwepo. Maji yalikuwa yanaletwa na mashua kutoka Mafia kubwa, au yanaanguka juu ya bati ukayawahi. Wakati wanaume wanapima tanga uwanjani, mke wa fundi alinikaribisha uani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanivutia kigoda. Kisha akanipa maji ya kunywa kwenye bilauri, amefunika kwa kisahani. Miezi miwili kabla ningeyanywa bila kuyatazama. Ukutani kivulini madumu yalikuwa yamepangwa kwa mstari, yote yameelekeza mdomo upande mmoja.

Aliniuliza tunaishije humo botini, na mimi, kwa ile fahari ya mtu aliyejifunza jambo juzi, nikamwambia: watu wawili, lita 11 kwa siku. Nikangoja.

"Na kufua?"

"Kufua kwa maji ya bahari, tunasuuza tu."

Akafikiri. "Sisi hapa tuko wanane," akasema. "Madumu mawili kwa siku. Na mbuzi."

Nilipiga hesabu pale pale, siwezi kujizuia. Lita 40 kwa wanane ni lita tano kwa mtu. Sisi tulikuwa tano na nusu. Nilikuwa nimeshindwa kwa nusu lita, na mbuzi sikuwa nao.

Akaona midomo yangu inahesabu, akacheka kwa sauti, akamwita binti yake aje anione. Akaniambia maji ya kuoshea mchele ni ya mbuzi, maji ya kuchemshia muhogo ni ya mchuzi, na tatizo la wageni wanaokuja ni kwamba wanasuuza kitu kabla hawajakifuta. Futa kwanza, hata kwa mchanga. Nikafikiria miwani ya kuzamia. Tanga lilishonwa kwa uzi wa nta, kushona maradufu, mkono wa fundi ukienda kama mashine, na mshono ule bado haujaachia hadi leo ninapoandika. Dumu langu alilikataa mara mbili kabla ya kulipokea. Akalipanga mwisho wa mstari, akaligeuza mdomo.

Mjomba alirudi kwao kutokea Mafia. Kilwa tulikwenda wawili, na tuliingia kwa hesabu yetu wenyewe, bila kugonga kitu, ingawa niliimaliza ile njia nikiwa nimesimama juu ya miguu ya mume wangu. Kilwa Kisiwani kuna mambo ya kutosha makala tatu. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akauona mji ule ukiwa na watu. Lakini mimi kilichonisimamisha ni birika la kuogea pale Husuni Kubwa, lenye pande nane, limechimbwa juu ya jabali kando ya bahari kwa ajili ya sultani na wageni wake. Mume wangu alipiga picha za bahari. Mimi nilishuka ngazi, nikalipima kwa hatua, nikaanza kuwaza madumu. Nani alibeba, mara ngapi kwa siku, na alirudi nyumbani kwake na kiasi gani.

Kusi ya kwanza ilitushika Aprili na mvua za masika. Tulirudi Tanga mwisho wa mwezi tukiwa tumelowa mpaka kwenye mito ya kulalia, kanga zangu zote zina ukungu mweusi wa madoa, injini inatoa moshi, matangi yamejaa pomoni na hatuna hamu ya kuyatumia.

Siku chache baadaye redio zikaanza kutaja Hidaya. Pwani yetu vimbunga huikwepa, mtu anaweza kuishi akazeeka asikione hata kimoja. Kile kilichovunja majahazi na kung'oa mikarafuu ya Unguja ni cha Aprili 1872, enzi za Sultan Barghash, na watu bado wanakitaja. Hiki kilikuwa kinakuja moja kwa moja. Tulitia nanga mbili, tukafunga kila kinachofungika, tukalala kwa wifi, kwenye kochi letu. Tarehe 4 Mei 2024 kikatua Mafia.

Nilipiga simu Jibondo siku nzima, haikuita. Siku ya pili haikuita. Siku ya tatu ikaita, akapokea yeye mwenyewe, kwa nyuma nasikia nyundo. Nikampa shikamoo, nikauliza watu. Watu wazima wote. Bati la jikoni limekwenda, hawajui liko kwa nani. Mashua walikuwa wameziwahi kuziingiza kwenye mikoko, moja tu imepasuka ubavu, ndiyo hiyo inagongwa. Mbuzi mmoja hajaonekana.

"Na maji?" nikauliza.

"Maji!" akasema, na nikasikia anacheka. "Madumu yote yamejaa. Masufuria yamejaa. Hata beseni la mtoto."

"Madumu mangapi?"

Akanyamaza kidogo. Alikuwa anahesabu kweli, nilimsikia akiyagusa moja moja.

"Kumi na tisa," akasema. "Na lile lako."